Ukuta wa wingu ulisimama, kufuli ndiyo iliyoachwa wazi

Makampuni mengi siku hizi hayanunui tena kompyuta kubwa za kutunzia hesabu zao. Hukodi nafasi katika mitambo ya wengine, huduma iitwayo wingu. Mwenye hisa katika kampuni ya namna hiyo afahamu jambo moja: kukodi nafasi hakumwondolei mpangaji wajibu wa kulinda mali yake.

Utaratibu huo unafanana na ghala la wapangaji wengi. Kompyuta moja hugawanywa kwa programu maalumu kuwa vyumba kadhaa, ili kazi za mteja mmoja zisionekane kwa mwingine. Mwenye ghala hulinda jengo na kuta. Mpangaji hubaki na kufuli: nani aingie, na akishaingia afike wapi.

Kuta nazo zina nyufa. Januari 2018 yalitangazwa makosa ya Spectre na Meltdown, yaliyo ndani ya prosesa za kompyuta, ambayo yangeweza kuiruhusu programu moja kuchungulia habari za nyingine. Wenye mitambo waliharakisha kuziba.

Lakini hasara iliyowagusa wenye hisa ilitokea kwenye kufuli. Julai 29, 2019, benki ya Capital One ya Marekani, iliyokodi nafasi kwa Amazon, ilitangaza kwamba habari za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 nchini Kanada zilikuwa zimechukuliwa. Kuta za Amazon hazikubomolewa. Kinga ya mtandao ya benki ilikuwa imepangwa vibaya, na mvamizi akapitia hapo kupata ruhusa pana kupita kiasi. Sehemu ya habari hizo ilihifadhiwa kwa maandishi ya siri, lakini ruhusa ile ile iliyafumbua.

Siku iliyofuata bei ya hisa ilishuka kwa karibu asilimia 6. Mwaka 2020 benki ilitozwa faini ya dola milioni 80, na baadaye ikakubali kulipa dola milioni 190 kumaliza kesi ya wateja.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenye hisa ana maswali matatu ya kuuliza. Je, kazi za kampuni zimetenganishwa, ili mlango mmoja ukivunjwa mingine ibaki imefungwa? Nani anashika funguo? Ruhusa hukaguliwa mara ngapi? Wakurugenzi wakijibu kwamba hayo anayajua mwenye mitambo, hiyo ni dalili ya hatari.