Sura ya Sita: Ufito Haumjui Samaki

Mswahili anayeingia soko la samaki la Lilongwe kwa mara ya kwanza lazima achanganyikiwe kidogo. "Chambo! Chambo!" Anageuka akitarajia kopo la minyoo, anaoneshwa samaki mnene wa jamii ya sato, aliyepandishwa kutoka Ziwa Malawi. Kwa Wamalawi chambo ndiye samaki mwenyewe, tena samaki wa heshima mezani. Kile tunachokiita sisi chambo, kile cha kutungwa kwenye ndoana, wao hukiita nyambo, na ndoana ni mbedza. Nimeshuhudia Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akimuuliza muuzaji chambo cha kumvulia kambale, na muuzaji akimtazama kama mtu anayetaka kumlisha kambale pilau ya harusi.

Mkanganyiko huo huo, wa kumtaja samaki pale unapotakiwa kutaja kinachomvutia, ndio unaowaharibia wengi ununuzi wa ufito wa kuvulia. Mtu anaingia dukani na sentensi moja: nataka ufito wa samaki mkubwa. Muuzaji anampa mnene kuliko yote, mtu anarudi nyumbani na mpini wa jembe. Ufito haumjui samaki. Katika siku nzima ya uvuvi utakutana na samaki mara mbili, tatu, au usikutane naye kabisa, lakini chambo utakirusha mara mia nne. Kwa hiyo swali la kwanza ni la gramu: unataka kurusha kitu chenye uzito gani?

Swali hilo nililisikia likiulizwa vizuri kuliko popote nyuma ya nyumba ya matofali ya udongo huko Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ikageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000, sasa wamepita 50,000, na kwa kuwa wengi wametoka mashariki ya Kongo, Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya ugomvi wa bombani. Miongoni mwao wamo watu waliokulia Baraka na Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, waliojua kushika mshipi kabla ya kushika kalamu. Kuletwa watu kama hao kwenye nyanda kavu za Dowa ni kama kumhamishia bata juu ya paa.

Mzee mmoja wa hao alikuwa ameshika simu. Mtoto wa mdogo wake, aliyepelekwa Marekani kupitia mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Wisconsin. "Baba mukubwa, huku iko samaki moja wanaita muskie. Rafiki ya kazini alinipa ufito yake, lakini chambo kidogo haiendi. Inaanguka tu hapa karibu."

Mzee hakuuliza samaki ana ukubwa gani. Alibonyeza kitufe akasema: "Chambo yako iko na uzito gani?"

Inafaa tumjue huyo muskie kidogo, maana anatusaidia kuona jambo lenyewe likiwa limekuzwa. Ni samaki mwindaji wa maji baridi ya Amerika Kaskazini, mrefu, mdomo kama wa bata uliojaa meno, na tangu 1955 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Wisconsin. Rekodi inayotambuliwa na IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa ndoana, ni ya samaki wa ratili 67 na nusu, yaani kama kilo 30, aliyevuliwa Wisconsin mwaka 1949. Wavuvi wake humwita samaki wa mirusho elfu kumi, kwa jinsi anavyochelewa kushika. Vyambo bandia vyake vya kawaida ni vizito, gramu 60 hadi 250, vingine vinakaribia nusu kilo, na fito zake zimeundwa kubeba uzito huo. Lakini msimu unapofunguliwa mwezi Mei, maji yakiwa bado ya baridi, mara nyingi samaki huyo hukubali kitu kidogo: kijiko cha chuma kinachometameta au kisamaki cha mpira cha gramu 20 au 30. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama. Samaki mkubwa, chambo chepesi, ufito wa mwenzake.

Sababu ya chambo kuanguka karibu ni hii. Ufito ni springi. Unapouvuta nyuma na kuusukuma mbele, uzito wa chambo hubaki nyuma kidogo na kuipinda ncha. Ncha inapojinyoosha, ndiyo inayokirusha chambo. Mkono wako umeanzisha tu. Chambo kikiwa chepesi mno kwa ufito, ncha haipindi, springi haijajazwa, na unachobaki nacho ni kurusha jiwe kwa kijiti kikavu. Ukiongeza nguvu za bega ndiyo unaharibu zaidi. Na kinyume chake ni kweli pia: chambo kizito kwenye ufito laini huupinda mpaka mwisho, hauna tena nafasi ya kujinyoosha kwa haraka, na siku moja utasikia mlio kama wa muwa ukivunjwa.

Haya nayajua kwa hasara. Miaka iliyopita nilinunua katika duka moja mjini Lilongwe ufito wa kuvutika, ule wa vipande vinavyoingiana kama eriali ya redio. Ulikuwa mweusi, unang'aa, nami nikamfikiria mpasa, samaki wa fedha nitakayemweleza mbele. Karibu na mpini paliandikwa gramu 100 hadi 200, maandishi madogo ambayo sikuyasoma. Kijiko changu kilikuwa cha gramu 10. Nilisimama kando ya maji asubuhi nzima nikikirusha miguuni pangu, na mtoto aliyekuwa na mwanzi na uzi alitoka na makumba watano, samaki wa bwawani.

Basi soma maandishi hayo kabla ya kutazama rangi. Fito za Kimarekani huandikwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na ushee. Ufito wa kawaida wa muskie unaweza kuandikwa aunsi 3 hadi 10. Kwa chambo cha gramu 20 au 30, tafuta ulioandikwa nusu aunsi hadi aunsi 2, yaani kama gramu 14 hadi 57. Chambo chako cha kila siku kiangukie katikati ya namba hizo, kisiwe pembeni. Namba ya chini kabisa ni ahadi ya muuzaji zaidi kuliko ya ufito.

Na kama ufito hauna maandishi, au unayashuku? Hapa mzee alinifundisha kitu. Alitoa mfukoni nati tatu za baiskeli na pikipiki akazitunga kwenye uzi. Nati inayofunguliwa kwa spana namba 17 ina kama gramu 11 na nusu, ya namba 13 ina kama gramu 5. Mbili za 17 na moja ya 13 zinakupa gramu 28, aunsi moja, popote kwenye fundi. Alizifunga kwenye ncha ya ufito, akaushika mlalo kama anayeelekeza kitu ng'ambo, akautikisa mara moja na kuutuliza. "Angalia ncha. Inaitika." Ncha ilishuka kama upana wa kiganja, ikapanda, ikatulia. Alipoongeza nati nyingine nne, mpindo ulihamia katikati. "Sasa ni mgongo inafanya kazi." Ufito usioitika hata kidogo kwa uzito wa chambo chako hautakirusha, hata uwe umetengenezwa Japani. Ule ambao mpindo wake umeshafika mpinini kwa uzito huo huo, mpelekee mtoto.

Kuitika kwa ncha na ugumu wa mgongo ni mambo mawili, na uchaguzi wote wa ufito wa chambo chepesi kwa samaki mzito umo kati yake. Ncha ni ya chambo. Mgongo ni wa samaki. Robo ya juu iwe laini kiasi cha kujazwa na gramu 20. Kuanzia hapo kushuka, ufito unenepe haraka ili ukishapata samaki uwe na kitu cha kumgeuzia kichwa asiingie mateteni. Watu huogopa kwamba ncha laini haitazamisha ndoana kwenye mdomo mgumu. Wanasahau kwamba chambo kidogo huja na ndoana ndogo, ya waya mwembamba, ambayo hupenya kwa nguvu ndogo. Ufito mgumu kama nondo ndio hatari hapo: huinyoosha ndoana hiyo au huchana nyama, na samaki anaondoka na hadithi yake.

Sasa urefu. Kosa la kawaida la mtu anayepunguza chambo ni kupunguza na ufito, kana kwamba vitu vidogo lazima viandamane. Kijana aliuliza kama anunue wa futi 6. Mzee, ambaye hajamwona muskie maishani mwake, alikataa, na alikuwa sahihi kwa sababu asizozijua. Muskie ana tabia ya kukifuata chambo mpaka ubavuni mwa mtumbwi bila kukishika. Wavuvi wake huzamisha ncha majini na kuchora namba 8, duara pana baada ya duara pana, na samaki wengi hushika hapo, mita moja kutoka kwenye magoti ya mtu. Kwa ufito mfupi namba 8 hiyo huwa fundo, samaki hawezi kupinda nayo. Ndiyo maana ufito wa vyambo vyepesi nao hubaki na futi 7 na nusu hadi 8, takriban mita 2.3 hadi 2.4. Unapunguza unene, huondoi urefu.

Sababu ya mzee ilikuwa nyingine. Kwenye mabwawa madogo ya Dowa na kando ya mito, kati yako na maji kuna ukuta wa matete. Ufito mfupi huishia kwenye matete. Tena mto ukiwa na mamba, kila futi unayoongeza kwenye ufito ni futi unayobaki mbali na maji, na hiyo kwangu ni hoja nzito kuliko elimu yote ya springi.

Rili, kifaa cha kuviringishia mshipi, nitaipitia haraka, ingawa wauzaji hupenda kukaa hapo. Zipo za pipa linalozunguka, ambazo wavuvi wa muskie huzipenda kwa nguvu zake, na zipo za pipa linalosimama, mshipi ukijifungua kupitia ukingo wake. Katika zile za kwanza chambo chenyewe ndicho kinacholivuta pipa lizunguke. Kikiwa chepesi, ama pipa linagoma, ama linakimbia kuliko chambo na mshipi unakuwa kiota cha ndege. Chini ya gramu 15 hivi, chukua ya pipa linalosimama. Mshipi nao uwe mwembamba, maana nailoni nene hukirudisha nyuma chambo chepesi kikiwa bado angani. Kwa samaki wa meno weka kipande kifupi cha waya mbele ya chambo, mwembamba uwezavyo kupata. Waya mnene hufanya kisamaki cha gramu 20 kiogelee kama kimefungwa pingu.

Kwa msomaji wa Malawi hesabu ni ndogo zaidi. Makumba wa bwawani hushika donge la nsima, yaani ugali, au mnyoo, na mnyoo pamoja na ndoana na boya hauzidi gramu chache. Hakuna rili itakayokirusha hicho vizuri. Hapo mwanzi, ambao Wamalawi huuita nsungwi, hauna mpinzani: mshipi urefu sawa na mwanzi, unabembeza, hurushi. Chagua uliokomaa, unaochongoka taratibu kuelekea nchani, uukaushe kivulini, na mshipi usiufunge nchani tu. Uviringishe kushuka mpaka katikati, ili siku ncha ikivunjika mikononi mwako samaki asiondoke nayo. Siku hiyo huja na kambale, mlamba kwa jina la huku, ambaye hula mnyoo ule ule uliomwekea makumba, na wapo wanaoapa kwamba kipande cha sabuni humshinda mnyoo. Naye ni samaki mkubwa wa chambo kidogo, muskie wa maskini.

Mpasa ndiye anayestahili ufito wa kununua. Ni samaki wa fedha wa Ziwa Malawi, anayepanda mito kama Bua na Linthipe kwenda kutaga, na maji ya mto Lilongwe yenyewe huishia Linthipe. Bua hupita ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, inayosimamiwa na African Parks tangu 2015; huko huingii na ufito bila kibali. Mpasa hushika kijiko cha gramu 7 hadi 20 kinachopita kwenye maji ya kasi. Ufito wa mita 2.1 hadi 2.4 ulioandikwa gramu 5 hadi 25 unamtosha, na kijiko unaweza kukitengeneza kwa kijiko cha chai cha chuma: kata mpini, toboa tundu kila upande, weka pete na ndoana. Kikitoka kizito, sasa unajua namna ya kukipima.

Wiki mbili baadaye ujumbe ulirudi kutoka Wisconsin. Kijana alikuwa ameingia dukani na nati tatu mfukoni. "Mwenye duka aliniangalia sana, Baba mukubwa." Alitikisa fito sita, wa nne ukaitika: futi 8, nusu aunsi hadi aunsi 2. Muskie bado. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akarudia kusikiliza, kisha akauliza kama matete ya huko ni marefu.