Maneno Nayo Yana Ukoo

Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kaskazini ya mji wa Tanga, mizigo huingia, hutoka na kupita. Ng'ambo ni Lunga Lunga, na pande zote mbili watu huelewana kwa Kiswahili. Lakini kijana wa hapo, kama mwenzake wa Tanga mjini au Dar es Salaam, akimaliza darasa la saba katika shule ya serikali hukabiliwa na mpaka mwingine. Masomo aliyozoea kuyapata kwa Kiswahili, kidato cha kwanza huyapata kwa Kiingereza.

Wengi hukimbilia kukariri. Maneno 20 leo, 20 kesho. Juma likiisha yamebaki matatu. Tusiilaumu akili ya kijana. Amepewa maneno yatima, kila moja peke yake, ilhali maneno nayo yana ukoo.

Jambo hili si geni kwetu. Kutokana na “chukua” twapata mchukuzi na uchukuzi. Kiingereza nacho kilirithi kutoka Kilatini shina “port”, lenye maana hiyo hiyo ya kuchukua. Mchukuzi wa mizigo ni “porter”. Kuingiza bidhaa nchini ni “import”, kuzipeleka nje ni “export”, na kuzisafirisha ni “transport”. Mwenye kuingiza bidhaa ni “importer”. Kijana anayeyatazama malori ya Horohoro anaweza kuujua ukoo huu wote kwa siku moja.

Hata hivyo, hadhari ni lazima. Herufi “-er” mwishoni mwa neno mara nyingi humtaja mtendaji: “teach” ni fundisha, na “teacher” ni mwalimu. Lakini mtoto akisema mama yake ni “cooker”, amemwita jiko! Mpishi ni “cook” tu. Hivyo kila neno na lithibitishwe katika kamusi.

Je, mzazi asiyejua Kiingereza afanye nini? Aulize. Baada ya chakula cha jioni na alifungue daftari la mwanawe, achague neno moja, kisha aulize kama Kiswahili kinavyomwongoza: Mwenye kutenda anaitwaje? Kitendo chenyewe je? Na kinyume chake? Mtoto atafute, aandike, atunge sentensi.

Dakika 10 zatosha, wala hazina ada. Neno moja na nduguze watatu, kwa jioni tano, ni maneno 20 kwa juma. Ni machache kuliko ya mkariri, ila haya, kwa kuwa yanajuana, hukumbushana.