Kona 57 za Kitulo: Kabla hujampandisha mtoto mlimani kwa gari

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alilia asubuhi ile. Tulikuwa tunapakia vitu kwenye gari uani kwa bibi yake, Mbeya, na yeye alikuwa hapandi. Ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Daktari wake wa Dar es Salaam alikuwa ameshasema: Mbeya sawa, akivaa nguo za joto na kunywa maji ya kutosha. Juu Kitulo, hapana.

“Mama mdogo, mimi leo siumwi,” aliniambia.

Ni kweli hakuwa anaumwa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumweleza. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na mwili unapata oksijeni kidogo. Kwa mwenye selimundu, upungufu huo pamoja na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali, hata kudhuru bandama. Akabaki na bibi.

Gari lenyewe lilikuwa la kukodi. Mkanda mmoja wa nyuma haukufunga. Shemeji akasema mdogo, wa miaka sita, apakatwe. Dada akakataa kupanda. Gari likigonga au kupinduka, mikono ya mzazi haiwezi kumzuia mtoto, na mzazi anaweza kumkandamiza. Tulisubiri saa nzima tukaletewa gari jingine.

Kutoka barabara kuu pale Chimala, njia ya kwenda Matamba inapanda ukuta wa mlima kwa kona kali ambazo wenyeji wanaziita Hamsini na Saba. Dereva aliweka gia nzito, akapiga honi kila kona. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde la Usangu likizidi kuwa dogo chini yetu.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, mwandishi wa afya. Ili mtoto atulie, nilimpa simu aangalie katuni. Hazikupita kona kumi akatapika. Macho yake yalikuwa kwenye kitu kilichotulia huku masikio ya ndani yakihisi mwili unayumba, na ubongo ukachanganyikiwa. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na hali hii. Tulisimama mahali penye nafasi, tukamfuta, akanywa maji kidogo kidogo, tukamwambia aangalie mbali mbele. Katuni ikaisha.

Juu kwenye maua

Kitulo iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu. Tulifika Februari, msimu wa maua, ambao pia ni msimu wa mvua. Udongo mweusi ulikuwa umelowa, matairi yakateleza mara mbili, na bila gari la kuvuta magurudumu yote manne tungelala huko. Lakini majani yalikuwa yamejaa njano, nyeupe na zambarau hadi macho yanapoishia. Mtoto alikimbia, akacheka, akasahau kutapika.

Baada ya saa tatu hivi alinyamaza. Akakataa ndizi, akakataa maandazi, akashika kichwa.

Shemeji alitaka twende mbele kidogo tukaone maporomoko ya maji. “Amechoka tu,” alisema. Huenda ilikuwa uchovu, au njaa baada ya kutapika. Lakini kuanzia mita 2,500 hivi, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula vinaweza kuwa dalili za mwili kushindwa kuzoea mwinuko, hasa kwa familia iliyotoka pwani juzi tu. Dada hakubishana. “Tunashuka,” alisema.

Tulishuka kwa gia ileile nzito ili breki zisipate moto. Chimala, mtoto akaomba chipsi.

Mzazi, kumbuka haya

• Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu: muone daktari wake kabla ya kupanga safari.

• Ukitoka pwani, lala usiku mmoja au miwili mahali pa mwinuko wa kati kabla ya kupanda zaidi.

• Kila mtoto na mkanda wake. Upite begani, usipite shingoni.

• Chakula chepesi kabla ya kona, dirisha wazi kidogo, bila simu.

• Masikio yakiziba, mpe mtoto kitu cha kumeza. Mchanga anyonye wakati wa kushuka.

• Beba sweta, kofia na maji. Baridi ikiwepo bado jua la juu linaunguza.

• Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinauma. Akilialia bila sababu, akikataa kula au kutapika, shuka. Akipumua kwa shida, akiyumba anapotembea au akisinzia isivyo kawaida, shuka mara moja na umpeleke hospitali.

Jioni tulimkuta kaka yake barazani. Maua ya hifadhini hayachumwi, kwa hiyo tulimletea picha na ndoo ya viazi vya Matamba. Mdogo akamsimulia kona zote, pamoja na ile aliyotapikia. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza viazi vinachemshwa saa ngapi.