Mjeledi wa nailoni: jinsi ya kuuzoesha bila kutimua mtaa mzima

Kuna kitu video za mtandaoni hazikuambii. Mjeledi mzuri ukilia sawasawa, unalia kama risasi. Wale majamaa unaowatazama wako kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe kule Australia, jirani wa karibu yuko kilomita kadhaa. Wewe uko Kibera ama Kawangware, mabati yamegusana na mabati, na mtoto wa jirani amelala hatua tatu kutoka mlango wako.

Lakini najua kwa nini unautaka. Kama unafanya sarakasi, tayari mko wengi mnaopanda mabega na kuruka pete za moto. Mtu akitoka na mjeledi, akazima mshumaa bila kuugusa, watu wanaweka simu chini. Basi tujipange vizuri: chombo kwanza, halafu mkono, halafu mtaa.

Hakikisha ni nailoni kweli

Mijeledi ya bei kali husukwa kwa ngozi ya kangaruu. Hiyo inataka mafuta kila mara, na mvua ya Aprili itaiharibu. Nailoni haitaki mafuta, haiozi na haivutii panya. Wasukaji wengi hutumia parakodi, kamba ile ya miavuli ya wanajeshi wa Marekani. Ile ya kawaida inabeba uzito wa kilo 250 hivi.

Shida ni kwamba hadiwea nyingi huita kila kamba inayong'aa "nailoni". Jaribu hivi: kata kipande kidogo, kikamue ndani ya beseni la maji hadi hewa yote itoke, kisha kiachilie. Nailoni inazama. Polipropilini, ile plastiki ya bei rahisi, inaelea. Ikielea, tumia kuanikia nguo.

Mjeledi una sehemu nne. Kuna mpini wa kushika, ambao ndani una chuma. Kuna mwili uliosukwa, mnene karibu na mpini na mwembamba unavyoendelea. Kuna mkia, kamba moja isiyosukwa. Mwisho kuna kishungi, zile nyuzi ndogo za kwenye ncha. Kwa anayeanza, futi sita za mwili zinatosha. Mrefu zaidi ya hapo utakuwa unajifunga mwenyewe.

Kuuzoesha

Nailoni ni nyepesi, kwa hiyo mjeledi mzuri huwekwa uzito ndani: mnyororo mwembamba ama chembe za chuma, karibu na mpini. Ushike mpini, uache mwili uning'inie. Ukijikunja kama waya, bado ni mgumu. Ukianguka kama nyoka mvivu, uko sawa.

Kama bado ni mgumu, usiukunje kinyume kwa nguvu, utafungua msuko. Ulaze sakafuni, weka ubao laini juu yake, uuviringishe mbele na nyuma kutoka kwenye mpini hadi mkiani. Msuko unakaa mahali pake na mwili unakuwa wa mviringo. Rudia kila jioni kwa siku chache.

Baada ya hapo urushe polepole, bila kutafuta mlio. Kama mara mia mbili hivi, ukigawanya kwa siku mbili tatu. Hapo unaufundisha kujikunjua upande mmoja. Kila mjeledi una upande unaopenda kupinda. Utafute, kisha uweke alama kwenye mpini ili uushike vilevile kila siku.

Mkia ukiwa mwepesi sana na unapeperuka, usugue na nta ya mshumaa. Hiyo inaongeza uzito kidogo na kuzuia nyuzi kusimama. Kuna wanaoyeyusha nta na kutumbukiza mjeledi mzima. Usifanye hivyo juu ya jiko ndani ya nyumba ya mabati. Nta hushika moto, na mtaani kwetu moto wa nyumba moja ni moto wa nyumba hamsini.

Ukimaliza, uviringe kwa duara kubwa na uutundike ndani. Jua kali hudhoofisha nailoni, na lami na kokoto huikwaruza haraka. Fanyia mazoezi kwenye nyasi ama udongo.

Mlio unatoka wapi

Watu wengi hudhani mjeledi unalia kwa sababu umegonga kitu, ama umejigonga wenyewe. Sivyo. Unapourusha, kitanzi kinatembea kutoka mkononi kwenda nchani. Mwili unazidi kuwa mwembamba, kwa hiyo kitanzi kinazidi kwenda kasi, hadi kinapita kasi ya sauti, zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwa hesabu kwamba ni kile kitanzi chenyewe kinachopasua hewa.

Hii ina maana gani kwako? Kwamba misuli haisaidii. Inua mkono taratibu, mjeledi ukiwa umenyooka nyuma yako. Uulete mbele kama unayegonga mlango, kisha simamisha mkono. Ule kusimama ndio unaotuma kitanzi. Ukiendelea kuvuta hadi chini, umekiua, na ncha inarudi kukutafuta.

Usipolia, kagua kishungi kabla ya kulaumu mkono. Kinachakaa haraka, na kikiisha, mlio unageuka mluzi. Nunua uzi wa nailoni kwa fundi viatu, usokote nyuzi kadhaa pamoja, ukunje katikati ziviringane zenyewe, kisha piga fundo ukiacha ncha kama za brashi. Urefu wa sentimita 20 hivi unatosha. Tembea na kadhaa mfukoni.

Na hapa hakuna ujanja: vaa miwani, hata ile ya mafundi wa kuchomelea, na kofia na jaketi la mikono mirefu. Ziba masikio. Mtu yeyote akae mbali mara mbili ya urefu wa mjeledi wote, mkia ukiwemo. Jicho halina spea.

Sasa, mtaa

Mjeledi hapa kwetu si kitu cha filamu za Indiana Jones. Neno kiboko lenyewe linatokana na ngozi ya yule mnyama, na wakoloni waliitumia kwa migongo ya watu. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakukinga dhidi ya adhabu ya viboko. Lakini Juni 17, 2025, vijana wa maandamano katikati ya jiji walivamiwa na watu waliokuja kwa pikipiki wakiwa na mijeledi na rungu. Ukitembea na mjeledi begani kutoka Toi Market hadi Laini Saba, nani atajua wewe ni mwanasarakasi?

Tena kuna ule mlio. Kibera haijasahau 2007 na 2008. Kawangware haijasahau Oktoba 2017. Kuna mama hapo jirani ambaye akisikia "pa!" anawaingiza watoto chini ya kitanda kabla hajawaza. Huyo humwambii atulie ni mazoezi tu, ilhali hukumwambia mapema.

Kwa hiyo, ubebe ndani ya begi, umeviringwa. Usiende nao popote karibu na maandamano ama mkutano wa siasa, hata kwa mzaha. Tafuta uwanja wazi, Kamukunji kwa wa Kibera ama uwanja wa Riruta kwa wa Kawangware, wakati hakuna mechi. Nenda mchana, kamwe si usiku. Ongea na wazee wanaokaa kando ya uwanja na wauza mboga wa hapo. Waonyeshe chombo, kilize mara moja mbele yao, wajue sauti yake. Ukiwa na kundi, nendeni pamoja na mvae fulana za kundi.

Watoto watakuja, hilo halina mjadala. Chora mstari ardhini, na mweke mmoja wenu awe askari wa mstari. Usiwaachie mpini, na usimwelekezee mtu ncha hata kwa kuigiza. Wengi wao wanajua mjeledi kwa njia moja tu, ile ya kupigwa. Wakiona kwako mjeledi unaozima mshumaa na haumgusi mtu, utakuwa umewapa kitu kipya cha kusimulia nyumbani.