MJUKUU AKIJA KUTOKA MJINI, APIKIWE NINI JIONI?

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hujaa watoto. Wanakwenda kwa bibi na babu. Huenda na wewe umepigiwa simu: "Mama, mtoto anakuja wiki ijayo." Umefurahi. Halafu umeanza kujiuliza: mtoto huyu wa mjini, mwenye miaka 3 au 4, atakula nini kwangu?

Watu wengi hujibu swali hilo kwa kwenda dukani. Wanauza mayai, wananunua soda na biskuti. Wanauza maziwa, wananunua juisi ya pakiti. Jioni mtoto ameshiba sukari. Chakula kikiletwa, anageuza uso. Bibi anasikitika na kusema, "Watoto wa mjini hawapendi chakula chetu." Je, ni kweli? Mara nyingi si kweli. Mtoto hana njaa, amechoka, na usingizi umemjia.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuzungumza nawe juu ya mahindi, viazi na ng'ombe. Lakini mazao hayo mwisho wake ni sahani. Kwa hiyo leo tuzungumze habari ya sahani ya mtoto mgeni.

ULIZA KABLA HAJAFIKA

Mpigie simu mama yake. Muulize mtoto anapenda nini, na kama kuna chakula kinachomdhuru. Wako watoto ambao wakila yai, samaki au karanga huvimba midomo au hutapika. Huwezi kulijua hilo kwa kumtazama. Muulize pia mtoto anakula saa ngapi jioni, na analala saa ngapi.

Hilo la saa ndilo kubwa kuliko yote. Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu, chakula cha jioni huiva saa 2 au saa 3 usiku. Sababu yake inaeleweka. Mama ametoka shambani jua linazama. Bado maji, bado kuni, bado mboga. Mtu mzima anaweza kungoja. Mtoto wa miaka 3 hawezi. Tumbo lake ni dogo, anakula kidogo kwa mara moja, na njaa inarudi upesi. Ukimpa chakula saa 3 usiku, atasinzia na tonge mdomoni.

Basi panga chakula chake kiwe tayari saa 12 jioni, kabla ya giza. Utawezaje? Loweka maharage usiku uliotangulia. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, na uyachemshe kabla ya kwenda shambani, kama yuko mtu wa kuangalia moto. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi na hayali kuni nyingi. Jioni itabaki kazi ndogo ya viazi au wali na mboga. Watoto wale kwanza. Wakubwa mkitaka kula baadaye, hakuna ubaya. Mtoto atakaa karibu nanyi na pengine ataonja tena.

SIKU YA KWANZA

Kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kilometa zipatazo 500. Mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Kona za mlima Kitonga hutapisha hata watu wazima. Mtoto akishuka kwenye basi usimkabidhi paja la kuku. Mpe maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kisha mpe uji wa moto kiasi, wenye maziwa. Kama una unga wa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, kukaushwa na kusagwa, tia kijiko kimoja katika uji mzito halafu uuchemshe tena kidogo. Uji utalainika bila kuongezewa maji, na mtoto atakunywa chakula kingi kwa kazi ndogo. Kuku atangoja kesho.

Kumbuka pia baridi. Anayetoka pwani hajazoea jioni za Makete, Njombe au Mufindi. Chakula nacho hupoa upesi, na mafuta yakiganda juu ya mchuzi mtoto hayataki. Pakua kidogo kidogo. Sufuria ibaki imefunikwa karibu na moto. Lakini mtoto asikae peke yake jikoni. Mtoto aliyezoea jiko la gesi lililowekwa juu hajui kuwa mafiga yaliyo chini yanaunguza.

CHAKULA KIKO SHAMBANI KWAKO

Sasa tufike kwenye sufuria. Tuseme unakaa Mufindi au Njombe. Viazi mviringo unavyo. Menya, chemsha mpaka viive, mwaga maji yaliyobaki, mimina maziwa ya moto kidogo, na uponde kwa mwiko mpaka viwe laini. Maharage ya njano yachemke mpaka yapasuke. Yaponde nusu, tia chumvi kidogo, usitie pilipili. Chuma majani machanga ya maboga, toa nyuzi zake, yakatekate, yapike kwa karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo. Mafuta hayo si ya utamu tu. Yanausaidia mwili kutumia vitamini A iliyo ndani ya majani. Weka pembeni kipande cha parachichi. Hiyo ni sahani yenye rangi nne, na soda haimo.

Kama unakaa Rungwe, una ndizi na una maziwa. Chemsha ndizi za kupika mpaka ziwe laini, ziponde kidogo, tia maziwa yaliyochemshwa. Watoto wengi hula ndizi hizo bila kubembelezwa. Kyela na Mbarali mna mchele ambao watu wa mjini wanautafuta kwa bei kubwa. Mjukuu ale wali wake kwenye chanzo. Ukipika dagaa, waoshe vizuri, wakaange bila maji mpaka wakauke, uwatwange na kuwachanganya katika mboga. Mtoto hatawaona, wala hatawaogopa macho.

Na kuku? Ukitaka kumchinjia mgeni, mchinje. Lakini tazama mgawanyo. Kwa desturi, filigisi ni ya baba au babu, mapaja ni ya wakubwa, na watoto wanapata shingo na miguu. Shingo na miguu ni mifupa mitupu kwa mtoto wa miaka 3. Babu asikasirike, filigisi ibaki yake. Lakini ini mpe mtoto. Ini ni laini, halina mfupa, na lina madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu. Yai nalo mpe. Zamani wazee wengi waliwakataza watoto mayai. Yai lililochemshwa likaiva sawasawa ni chakula kizuri sana cha mtoto, na halihitaji jino kali.

Labda utauliza, je, ugali? Mpe ugali. Ila mtoto wa mjini amezoea sembe nyeupe. Dona letu lina rangi na lina punje kidogo, ingawa ndilo lenye nguvu zaidi. Songa laini kuliko kawaida. Mfinyangie tonge dogo lenye shimo katikati, achote mchuzi mwenyewe. Akikataa usimkaripie wala usimkabe. Mtoto anaweza kuonja chakula kipya mara 8 au 10 kabla ya kukipenda. Leo ameonja, inatosha. Kesho kutwa kiweke tena, kidogo, bila maneno mengi.

Iko njia nyingine inayoshinda kubembeleza. Mpe kazi. Mchukue bustanini akachume njegere, kisha mkae naye kivulini mkizimenya. Mpeleke akaokote mayai. Mtoto aliyechuma njegere kwa mkono wake atataka kuziona kwenye sahani, na atawaambia wote kuwa ni zake. Kaa naye tu wakati huo, maana watoto wa umri huo wana tabia ya kujitia njegere na maharage puani.

MAMBO YA KUANGALIA

Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5. Inaweza kumpalia na kuziba njia ya pumzi. Zitwange. Samaki mchambue miiba kwa vidole vyako kabla ya kumpa. Nyama ikate vipande vidogo sana. Kande za mahindi magumu tunazozipenda sisi ni ngumu kwa meno yake. Akitafuna akae chini, asikimbie wala asichekeshwe.

Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, hata kama babu amekunywa mabichi miaka 60. Kabla ya kula, watoto wote wanawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo kinatosha, na mtoto wa mjini atakifurahia kama mchezo.

Chai yetu ya Mufindi na Rungwe inanywewa nchi za mbali. Lakini usimpe mtoto chai pamoja na chakula. Chai hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka katika maharage na mboga. Mpe maji, na baada ya kula mpe chungwa au pera. Matunda hayo hufanya kinyume cha chai, husaidia chuma kuingia. Ulanzi usimpe kabisa. Unaambiwa kuwa wa asubuhi ni mtamu tu, hauna kitu. Lakini ulanzi huendelea kuchacha saa hadi saa, na tumbo la mtoto halina kipimo cha kujua umefikia wapi.

NA WATOTO WALIOPO NYUMBANI?

Katika kazi yangu nimeona jambo hili katika nyumba nyingi. Mgeni amewekewa yai kwenye sahani yake. Watoto wa nyumbani, umri ule ule, wamezunguka bakuli moja la ugali na mboga. Mgeni anaona aibu, anawatazama wenzake. Wao wanalitazama yai. Mwisho hakuna anayefurahi chakula hicho.

Mtoto hula vizuri akiwa na wenzake. Basi waketi pamoja, na chakula kiwe kimoja. Lakini kila mtoto awe na sahani au bakuli lake. Penye bakuli moja, mkubwa humaliza nyama wakati mdogo bado anapuliza tonge. Mama hawezi kujua nani amekula na nani amelamba vidole tu. Kwenye sahani zao unaona. Aliyemaliza umwongeze. Aliyebakiza umuulize kama anaumwa. Kama mayai ni mawili na watoto ni wanne, yakate nusu nusu.

Nalisema hili kwa sababu nzito. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Iringa, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 57 hivi walikuwa wamedumaa. Njombe walikuwa 50 hivi. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30. Kudumaa maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Haumuumi, kwa hiyo huoni. Unasema, "Sisi ni watu wafupi." Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine kwa mahindi, viazi, maharage na parachichi!

Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, wakati Njombe na Makete zikiwa bado ndani ya mkoa huo. Serikali iliuendesha pamoja na UNICEF na WHO, kwa msaada wa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, na wazazi walijadili matokeo wenyewe. Swali moja lililojadiliwa lilikuwa hili: mtoto mdogo anakula mara ngapi kwa siku? Katika miaka iliyofuata, utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo. Mashamba yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo sufuria ile ya saa 12 jioni usiitundike mjukuu akiondoka. Yule anayebaki ana tumbo dogo kama la mwenzake.

Siku ya safari, mfungie mgeni viazi vilivyochemshwa, yai lililoiva sawasawa na ndizi mbivu, ili asishindie biskuti za dirishani. Bibi mmoja atataka kumwekea mama wa mtoto maparachichi mfuko mzima. Achague yaliyo magumu. Yaliyoiva yatakuwa yamepondeka kabla basi halijafika Ilula.