Taya la Mtoto na Kromosomu Iliyokatika

Mara nyingi swali la kwanza la mzazi halihusu dawa. "Daktari, ugonjwa huu umetoka upande gani, kwetu au kwa baba yake?" Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amefika kliniki ya rufaa na mwanawe wa miaka sita. Taya la kulia lilikuwa limevimba hadi kusukuma jicho, na meno mawili yalikuwa yamelegea. Wiki tatu kabla, katika kituo cha kwanza, alikuwa ameng'olewa jino na kupewa dawa ya jipu. Nyumbani, mashemeji walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: ukoo wa mama una damu mbaya.

Mtoto alikuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya zile seli nyeupe za damu ziitwazo seli B, ambazo kazi yake ni kuunda kingamwili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Alipochora ramani ya wagonjwa barani Afrika aliwakuta katika maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria kali, na mara chache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 watafiti wa London wakakuta ndani ya seli za uvimbe huo kirusi ambacho leo tunakiita kirusi cha Epstein-Barr.

Hitilafu yenyewe huonekana katika kromosomu, zile nyuzi 46 zinazobeba jeni katika karibu kila seli ya mwili. Kwa wagonjwa wengi kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli kukua na kugawanyika. Nako kwenye kromosomu ya 14 hukaa jeni za kingamwili, ambazo ndani ya seli B hufanya kazi bila kupumzika. MYC ikishahamia katika ujirani huo, amri yake haizimwi tena. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ni nini basi kinachoikata kromosomu? Ajabu ni kwamba mkataji ni wa mwili wenyewe. Ili kuboresha kingamwili, seli B hutumia kimeng'enya kiitwacho AID kukata jeni zake na kuziunga upya. Malaria ya kurudiarudia huziamsha seli B kwa wingi, na kwa muda mrefu kupita kiasi, hata kimeng'enya hicho kikakata pasipohusika. Mwaka 2015 jambo hili lilionyeshwa kwa panya waliokosa jeni ya ulinzi ya p53: malaria ya muda mrefu iliwaletea limfoma zenye kromosomu zilizokatika namna hii.

Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua. Hapa ndipo kirusi cha Epstein-Barr huingia, kwa kuwa huisaidia seli isife. Hata hivyo, kirusi hiki huambukizwa kwa mate, na karibu watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo bila madhara makubwa. Kuwa nacho si kuwa na saratani. Nayo malaria, kwa idadi ya watoto wanaougua, ingetujazia wodi kama ingetosha peke yake. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini ili kuona kama limfoma ingepungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kutolewa, kwa hiyo jaribio halikutoa jibu la mkato.

Nilimweleza mama kwamba kosa hili halikuwamo katika yai lake wala katika mbegu ya mumewe. Lilitokea katika seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa. Yapo magonjwa machache, kama anemia ya Fanconi, ambamo udhaifu wa kurekebisha vinasaba hurithiwa na kuwaweka watoto katika hatari ya saratani. Huko kuuliza habari za ukoo kuna maana. Hapa hakuna.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea bila kuoza apewe rufaa siku hiyohiyo. Tafadhali msimwanzishie prednisoloni wala deksamethasoni kabla ya kinyama kuchukuliwa. Dawa hizo huweza kuficha ugonjwa, tena huweza kuyeyusha uvimbe kwa kasi inayoziba figo, na ndiyo maana matibabu huanzia wodini, kwa maji ya kutosha kupitia mshipa. Tibakemikali huupunguza uvimbe ndani ya siku chache. Mimi huziogopa siku hizo, kwa sababu uso ukirudi sawa familia hufunga mizigo na dozi hubaki njiani.

Mama huyu alibaki. Kabla ya dozi ya tatu aliniuliza kuhusu wadogo wawili wa mgonjwa. Nilimjibu kwamba hawahitaji kipimo chochote cha ukoo. Walale ndani ya chandarua, na homa ikiwashika wapimwe malaria mapema. Akapiga simu nyumbani, akanikabidhi, akaniomba niyarudie maneno hayo kwa shemeji yake mkubwa.