Betri Ndogo Inayotunza Ushahidi wa Rubani

Mchungaji yeyote amemwona tai akizunguka angani saa za mchana bila kupiga bawa hata mara moja. Tai huyo amepata hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, naye amejilaza juu yake na kupandishwa nayo bila jasho. Huko Ulaya watu walijifunza ufundi huo. Katika nchi ya Ujerumani upo mlima uitwao Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950, na mwaka 1920 vijana walikusanyika pale kushindana kwa ndege zisizo na injini. Mkataba wa Versailles, uliofanywa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa umewabana Wajerumani katika mambo ya ndege za injini; basi wakageukia upepo. (Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Papa Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba.)

Ndege ya namna hiyo huvutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, au na mashine iliyo chini. Kisha kamba huachiwa, na rubani hubaki peke yake na hewa. Usidhani ni mchezo wa kuruka bondeni na kutua. Tarehe 21 Januari 2003 Mjerumani mmoja, Bwana Klaus Ohlmann, alifuata upepo wa milima ya Andes huko Argentina, akasafiri zaidi ya kilometa 3,000 kwa siku moja. Mwaka 2018, huko huko Argentina, ndege iitwayo Perlan 2 ilipanda zaidi ya mita 22,000, yaani karibu mara mbili ya kimo wanachopita abiria wa kwenda Ulaya.

Lakini ni nani aliyekuwako huko juu kuyaona? Swali hilo ni zito, maana katika mchezo huu mtu hapewi sifa kwa neno lake tu. Liko Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Angani, lililoanzishwa mwaka 1905, ambalo makao yake yako Lausanne, Uswisi. Shirikisho hilo hutoa nishani. Atakaye nishani ya fedha sharti asafiri kilometa 50, apande mita 1,000 juu ya mahali alipoanzia kupanda, na akae angani saa 5. Nishani ya dhahabu hudai kilometa 300 na mita 3,000. Kijana mwenye kazi na mshahara mdogo aweza kutumia miaka kadhaa kabla ya kuipata siku moja yenye hewa nzuri ya kutosha.

Zamani ushahidi ulichorwa kwa masizi. Ndani ya sanduku lililotiwa lakiri mlikuwa na silinda iliyozungushwa na mashine ya saa, imefunikwa karatasi yenye masizi, na sindano ilikwaruza juu yake kadiri ndege ilivyopanda na kushuka. Rubani alichukua pia kamera, akapiga picha kanisa fulani au njia panda fulani huko chini, ili kuonyesha kwamba kweli alifika. Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo imechukuliwa na kinasa safari. Ni kisanduku ambacho mara nyingi si kikubwa kuliko kitabu cha sala. Kila baada ya sekunde chache huandika saa, mahali ndege ilipo kwa msaada wa setilaiti, na kimo chake kwa kupima mkandamizo wa hewa. Vingine vina hata sikio la kusikia mngurumo, maana ndege nyingine za mchezo huu hubeba injini ndogo, na mjanja angeweza kuiwasha kwa siri nyuma ya kilima.

Je, kisanduku hicho kinaaminiwaje? Kiwandani hutiwa ndani yake namba ndefu ya siri, ambayo rubani mwenyewe haijui. Tuiite ufunguo. Safari ikiisha, kinasa hupanga maandishi yake yote, halafu chini yake hutia sahihi iliyotungwa kwa hesabu kutokana na maandishi yale pamoja na ule ufunguo. Mtu akibadili tarakimu moja tu, sahihi haipatani tena na maandishi, na wakaguzi hugundua mara moja.

Sasa tumefika kwenye betri. Katika vinasa vingi ufunguo huo umewekwa katika kumbukumbu ya namna inayofutika umeme ukikatika. Umewekwa hivyo makusudi. Mtu akijaribu kufungua kisanduku, swichi ndogo iliyo ndani hukata umeme, na ufunguo hupotea kabisa. Kinachoushikilia usiku na mchana, hata ndege ikiwa imefungiwa ghalani majira yote ya baridi, ni betri ndogo ya lithi, pengine ndogo kuliko kidole gumba. Betri hiyo ikifa kwa uzee, matokeo ni yale yale kama kwamba mwizi amefungua. Chombo hakiwezi kubagua kati ya rubani mdanganyifu na rubani mwaminifu aliyesahau betri yake. Kinasa chaweza hata kuendelea kuandika safari kama kawaida, taa yake ikiwaka vizuri, lakini sahihi yake haina nguvu tena. Tuseme ni yule kijana wetu wa kilometa 300. Ameruka, amefika, marafiki wamempongeza, naye anapeleka maandishi yake kukaguliwa na kuambiwa hayakubaliki. Hakuna wa kumrudishia siku ile.

Ubaya wa betri ya lithi ni kwamba haitoi onyo. Sisi tuliozoea tochi ya betri za kawaida twajua dalili: mwanga huanza kuwa wa njano, kisha mwekundu, ukajua kwamba kesho uende dukani. Betri ya lithi hukaa na nguvu yake, volti 3 au 3.6 kwa kadiri ya aina, karibu bila kupungua miaka na miaka. Halafu mwishoni huanguka ghafula. Kwa hiyo kuipima leo na kuikuta nzima si hoja ya kuridhika sana. Heri kuhesabu miaka. Aghalabu hudumu kati ya miaka mitano na kumi. Wenye busara huandika tarehe ya kubadilisha kwenye kitabu cha ndege, wala hawangoji ifikie mwisho. Katika vinasa vingine betri ya ndani ni ya kuchajiwa, na hupata umeme kutoka betri kubwa ya ndege. Hicho hakifai kuachwa ghalani miezi mingi bila kuunganishwa. Yafaa kukipa umeme kwa saa kadhaa mara kwa mara.

Hiyo betri kubwa nayo ina desturi zake, na mwenye betri ya sola nyumbani atazitambua. Ni ya volti 12, mara nyingi ya risasi, imezibwa isimwage tindikali. Betri ya risasi huchukia kukaa tupu. Ikiachwa bila umeme majuma mengi, chumvi nyeupe hushika juu ya bamba zake na kuwa ngumu, na hapo haitajaa tena kama zamani. Basi rubani huitoa jioni, akaenda nayo nyumbani, akaichaji siku ile ile. Karibu na betri huwekwa fyuzi, maana waya zikigusana angani moto waweza kuzuka, na huko hakuna mahali pa kukimbilia. Jua nalo ni adui: chini ya kioo cha ndege iliyoegeshwa joto hupanda mno, na joto huzeesha kila betri. Juu sana shida hugeuka ikawa baridi, nayo hupunguza nguvu ya betri papo hapo, hata iliyokuwa imejaa asubuhi yaweza kuonekana tupu.

Kazi ya kubadilisha betri ya ndani si ya kila mtu. Pengine mwenye ndege ni fundi hodari, ameshafungua redio na saa nyingi, naye huona aibu kulipa fedha kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo. Mimi namhurumia, lakini akiondoa parafujo zile amekwisha kufuta ufunguo, na lakiri ya nje imevunjika. Kinasa sharti kipelekwe kiwandani au kwa fundi aliyeruhusiwa. Yeye hutia betri mpya, hurudisha ufunguo, hufunga na kutia lakiri upya. Kwa kuwa kipimo cha hewa nacho hukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa, mwenye akili hupeleka chombo mara moja kwa kazi zote mbili, tena wakati wa baridi, ambapo hewa haina nguvu ya kupandisha ndege.

Betri iliyotolewa isitupwe motoni, maana lithi hupasuka. Wala isiachwe mezani. Hapa naomba kina mama na kina baba wanisikilize, kwa kuwa betri za lithi za mviringo kama sarafu zimo siku hizi katika mizani, saa, rimoti na vichezeo vya watoto. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, yaweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama ni kuukuu isiyowasha kitu tena. Usimtapishe, wala usingoje uone kama itatoka yenyewe. Mpeleke hospitali saa ile ile, umwambie daktari kwamba ni betri.